Dalali wa Matangani

Wiki jana mliniacha roshani, ghorofa ya nne, roho mkononi, kabati la marehemu mke wangu likining'inia hewani katikati ya mtaa wetu wa Karmuz.

Basi bado linaning'inia.

Chini, kamba ameishika Haji Arnus, dalali. Wachukuzi wangu kawafukuza kwa neno moja tu, wakaenda kunywa chai kana kwamba hawakunichukulia pesa asubuhi. Kamba inapita kwenye kapi juu ya kichwa changu, inashuka mpaka nguzo ya taa mbele ya mkahawa. Pale nguzoni Arnus kaizungusha mara mbili, ncha mkononi, kama mtu aliyeshika punda wa kuuza.

"Metwali!" alipaza sauti mtaa mzima usikie. "Shuka ulipe haki yangu!"

"Haki ipi, Arnus?"

"Haji Arnus!"

"Haki ipi, wewe Haji wa mashaka?"

"Umeuza nyumba, dalali hujamlipa! Mbili na nusu kwa mia kutoka kwa muuzaji, mbili na nusu kutoka kwa mnunuzi. Ndiyo desturi ya Iskandaria nzima tangu babu zetu!"

"Babu yako alikuwa anatembeza maji ya ukwaju!"

Mkahawa ukacheka. Arnus hakucheka. Aliilegeza kamba kidogo, kabati likashuka ghafla kimo cha mtu, likagota, likaanza kuzunguka. Kioo chake kikammulika kila aliyekuwa chini, mmoja mmoja.

Tafida alikuja nalo lile kabati siku ya harusi yetu, likipita mtaa huu huu juu ya mkokoteni, kioo kikiwa mbele, watoto wakikimbia nyuma.

"Nyumba nimeuza mwenyewe!" nikamwambia. "Mama Wagdi kaja mlangoni kwangu kwa miguu yake. Tumekubaliana jikoni kwangu, chai nimeipika mimi, bei nimeitaja mimi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi? Mimi nilikuwa mbele yake!"

Sikumwelewa. Laiti ningebaki hivyo hivyo.

Nikaanza kushuka ngazi. Na nikishuka niwaambie kwa nini sikumtupia hizo pesa zake, nikapata amani.

Pesa za nyumba zina kazi moja. Mke wangu amelala katika kaburi la kuazima. Siku aliyofariki sikuwa na kaburi, na jamaa mmoja, mkwe wa shemeji yangu, akanifungulia la ukoo wao. Nilimbusu mkono. Sasa mama mzazi wa huyo jamaa anaumwa, daktari kakata tamaa, na jamaa ananipigia simu kila kukicha: "Fundi, ni lini utamwondoa mgonjwa wako?" Mgonjwa! Ndivyo anavyomwita, maana maiti anaona haya kutamka.

Nikazunguka, nikapata kaburi katika makaburi ya Amudi. Vyumba viwili chini ya ardhi, cha wanawake na cha wanaume, ukuta mmoja katikati. Ndivyo tulivyolala miaka yetu ya mwisho, yeye chumbani, mimi sebuleni kwa ajili ya kukoroma. Mwenye kuliuza, Bwana Shukri, kaniambia wazi: "Leta pesa iliyobaki leo kabla ya adhana ya alasiri. Ukichelewa, kuna mwingine mwenye haraka kuliko wewe."

Pesa zote zilikuwa kiunoni, ndani ya mkanda nilioushona mwenyewe, fundi magodoro mimi, kwa kitambaa cha godoro. Zinatosha kaburi na nauli ya kwenda kuhamia kwa dada yangu. Nikimlipa Arnus, kaburi limeniponyoka, na mke wangu anatolewa nje kama mpangaji.

Sasa mmejua. Tuendelee.

Nilipotokea mlangoni, bawabu wetu Mahrus alikuwa amesimama pale anafuta mikono ambayo haina kitu.

"Mahrus, umekula chumvi yangu. Mwambie huyu aachie kabati."

"Nikimwambia aachie, fundi, ataliachia kweli."

Nilipata hamu ya kumzaba kibao, lakini alikuwa na akili siku hiyo.

"Nilipe hapa hapa," Arnus akasema, tumbo mbele, pete ya fedha kidoleni, marashi yananuka mpaka ng'ambo. "Naapa kwa talaka tatu, kabati hili halitagusa ardhi mpaka nimeshika pesa yangu."

"Arnus, wake zako wamechoka kuachwa kwa viapo. Mmoja nilimkuta kwa muuza samaki anauliza kama leo bado ameolewa."

Wakacheka tena. Na hapo katikati ya vicheko ikapita bajaji, ikasimama, akashuka Sheikh Taalab na kilemba chake cheupe.

Msidanganywe na jina, hata swala ya maiti hajui kuswalisha. Yeye ni sheikh wa mtaa, kiti cha serikali, mtu wa mihuri na wa kituo cha polisi. Ukitaka kuthibitisha kwamba unaishi unapoishi, unamwendea yeye, na mkono wako usiwe mtupu. Tafida alipougua nilimwendea anigongee muhuri tupate dawa za bure. Aliniambia nirudi Jumapili. Jumapili alikuwa harusini. Sitaki kusema zaidi.

"Mswalieni Mtume!" akasema.

Tukamswalia.

"Kuna nini? Kabati la nani hilo juu?"

Kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Akainua mkono. "Taratibu! Hapa tutakaa kikao cha desturi, kila mtu atasikilizwa. Haji, funga kamba yako. Wewe leta viti. Niletee kahawa, sukari ya kiasi, na shisha. Hatuna haraka."

"Mimi nina haraka," nikamwambia. "Alasiri nina miadi."

Akanitazama kwa macho ya upole, upole uliopikwa. "Haki haina haraka, Metwali."

Nilidhani ni uvivu wao ule ule wa kila siku, maana serikali hii sijaiona ikiharakisha kitu isipokuwa bili ya maji.

Arnus akafunga kamba nguzoni. Tukakaa, na kabati juu yetu linageuka polepole.

Sheikh akavuta shisha, akakohoa. "Muuzaji aseme."

"Sikumtuma. Sikumpa kazi. Sikuandika popote kwamba nauza. Hakuniletea mtu. Nimemaliza."

"Dalali aseme."

Arnus akasimama kama yuko mahakamani. "Mimi nilimleta mnunuzi ndani ya nyumba hii, nikamwonyesha vyumba vyote, jiko na choo. Shahidi wangu bawabu."

"Muongo!" nikafoka. "Mama Wagdi ni rafiki wa marehemu! Mara ya kwanza kumwona ni matangani. Alikaa chumbani na wanawake, akalia mpaka akaletewa maji."

"Na nani alimpandisha ngazi siku hiyo?" Arnus akauliza taratibu.

Nikatazama huku na huku.

"Mahrus," Sheikh akasema, "nani alimpandisha?"

Mahrus aliangalia viatu vyake. "Haji. Siku ya tatu ya matanga. Alimpandisha mama huyo na wanaume wawili."

Mkahawa mzima ukatugeukia. Hata mchezaji wa dama aliacha kete hewani.

"Wanaume gani?" nikauliza.

"Wateja," Arnus akasema. "Mlango ulikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka, nani angeuliza? Matanga ni siku nzuri ya kuona nyumba, Metwali. Hakuna anayekufukuza, na kahawa unapewa."

Jamani. Jamani!

Niliwakumbuka wote wawili. Mmoja, mwenye miwani, alikaa sebuleni kwangu kichwa kimetazama juu, midomo inachezacheza. Nikajisemea, tazama mgeni huyu anavyomwombea mke wangu. Kumbe alikuwa anaangalia unyevu wa dari! Mwingine aliomba maji ya kutawadha, akakaa bafuni akifungua bomba na kulifunga, akifungua na kulifunga. Nikasema, huyu mcha Mungu, hana pupa na udhu. Kumbe anapima nguvu ya maji!

Na mimi niliwasindikiza mpaka mlangoni, nikawashika mikono, nikalia mabegani mwao. Nikamwambia dada yangu, "Umeona Tafida alivyopendwa? Hata watu tusiowajua wamekuja."

"Wewe si binadamu," nikamwambia Arnus.

"Mimi ni dalali. Watu hufa, nyumba hazifi."

Nikamgeukia Mama Wagdi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jengo na ufunguo mkononi, mwanamke mnene mwenye baibui la hudhurungi, mwajiriwa wa ofisi ya posta. Yule ndiye niliyempunguzia bei kwa ajili ya machozi yake.

"Mama Wagdi. Huyu anasema kweli?"

Aliugeuza ufunguo kiganjani.

"Kweli, baba. Nilikuja naye."

"Na machozi?"

"Machozi yalikuwa yangu."

Nikacheka kwa uchungu. Arnus akapiga makofi. "Mmesikia? Mnunuzi mwenyewe kakiri! Mlango niliufungua mimi, wao wakanizunguka kwa nyuma, wakauziana jikoni ili wanidhulumu!"

"Mimi sikukuzunguka! Sikujua upo!"

Sheikh akagonga glasi kwa kijiko. "Desturi iko wazi. Anayemleta mnunuzi ana haki yake."

"Hata kama sikumtuma?"

"Hata kama hukumtuma."

"Basi kesho nakuja kwako, Sheikh. Nakushonea godoro jipya la pamba, nalitandika juu ya kitanda chako huku umetoka. Ukirudi utanilipa?"

Watu wakaitikia, "Ehee! Jibu hilo, Sheikh!"

Akatoa moshi puani. "Nikilikuta nikalitupa nje, sikulipi. Nikililalia, nakulipa. Na wewe Metwali umelilalia. Pesa za mnunuzi aliyeletwa na Haji umezipokea, ziko kiunoni mwako sasa hivi."

Mkahawa ukaguna. Lilikuwa jibu zuri, na jibu zuri kutoka kwa mtu mbaya huuma mara mbili. Lakini nilishtuka kwa jambo jingine. Zile pesa ziko kiunoni, yeye kajuaje?

Sikupata nafasi ya kuuliza.

"Hata hivyo," akaendelea, "umri wako mkubwa, msiba wako mpya. Nahukumu nusu. Mlipe Haji nusu ya anachodai."

Hao ndio wakubwa wetu. Wakishindwa kuijua haki, wanaikata nusu, halafu wanataka washukuriwe na pande zote.

"Nusu?" Arnus akaruka. "Nusu naiacha kwa nani?"

"Nusu wala robo!" nikasema. "Pesa hizi ni za kaburi!"

"Kaburi linaweza kusubiri," Sheikh akasema. "Niongezeeni makaa. Turudie maelezo tangu mwanzo, nataka nihakikishe sijamdhulumu mtu."

Tangu mwanzo! Kivuli cha nguzo kilikuwa kimeshavuka barabara. Nikasimama. "Sirudii kitu. Naondoka."

Hapo Arnus akafanya kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu mwenye tumbo lile. Aliruka mpaka nguzoni, akafungua fundo, akaishika ncha ya kamba, akaacha mzunguko mmoja tu umeshikilia mzigo wote.

"Ondoka! Ondoka tu! Lakini kabati utaliokota kwa beleshi!"

Kamba ikalia. Watu wakaruka viti, wakabanana kwenye kuta. Kabati likashuka kwa kuruka ruka, likasimama usawa wa ghorofa ya pili, mlango wake mmoja ukafunguka, na likatoka kofia moja la majani, la Tafida la kuvaa pwani, likaelea taratibu mpaka miguuni kwangu.

Nililiokota. Wasomaji, mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, lakini mikono yangu yenyewe ikaenda kiunoni. Nikaanza kufungua mkanda.

"Shika," nikamwambia Arnus. "Hesabu. Shika uende nazo motoni."

"Usimlipe!"

Ilikuwa sauti ya Mama Wagdi. Alikuwa amekuja mpaka katikati ya barabara, chini ya kabati lenyewe, pale ambapo hakuna mwanamume aliyethubutu kusimama.

"Usimpe hata senti. Ameshalipwa."

"Nyamaza, mama!" Arnus akapiga kelele. "Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana ninyamaze, na wewe usinidai upande wangu. Basi nidai! Nidai sasa hivi, nitakulipa mpaka ya mwisho. Sikai kwenye nyumba ile na dhambi hii."

"Nani amemlipa?" nikauliza.

"Mkeo."

Nadhani hata shisha ya Sheikh ilizima.

"Haikuwa matangani mara ya kwanza nilipokuja mtaa huu," Mama Wagdi akasema, sasa ananitazama mimi peke yangu. "Nilikuja yeye akiwa hai. Wewe ulikuwa kazini. Haji alikuwa ananipitisha mtaani kunionyesha nyumba ya mtu mwingine, tukasikia mtu anaita kutoka roshani. Mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, kajishikilia kwenye chuma. Akasema, 'Haji Arnus! Nikiondoka, ngazi hizi zitamuua mume wangu. Mtafutie mnunuzi mwenye huruma.' Haji akamjibu, 'Na haki yangu, Mama?' Akasema, 'Haki yako chukua leo kutoka kwangu, usije ukamchuna yeye kesho.' Akashusha kikapu."

Kikapu. Kile cha ukili, chenye kamba ya kijani, ambacho Tafida alikishusha kila asubuhi kwa muuza maharage akakipandisha na mkate juu. Kamba hiyo hiyo, roshani hiyo hiyo.

"Ndani ya kikapu kulikuwa na nini?" nikauliza, na nilishalijua jibu.

"Bangili. Ya dhahabu, imesokotwa kama msuko wa nywele. Niliitoa mimi kwa mkono wangu nikampa Haji, kwa sababu yeye aliona haya kuingiza mkono."

Bangili ya Tafida! Ile niliyoitafuta chini ya kitanda cha hospitali kwa magoti. Ile niliyowatukania wauguzi mpaka nikatolewa nje na askari. Tangu siku hiyo nawaambia watu hospitali ya serikali imemla mke wangu na bangili yake. Bangili hawakuila, sawa. Hilo moja nimewaondolea. Mengine yapo pale pale.

"Ndiyo maana nililia chumbani," Mama Wagdi akasema. "Nilikuja kumwambia nimekubali nyumba yake, Haji hakunieleza kitu. Nikakuta wanawake wamekaa chini."

Nikamwendea Arnus. Sikukimbia. Nilitembea, nimeshika lile kofia.

"Alikulipa."

"Mgonjwa anaweweseka, mtu atachukulia maneno ya..."

"Alikulipa, Arnus. Mwenye nyumba alikutuma, ukalipwa kabla ya kazi, ukaja kula kahawa ya matanga yake, na leo unanitundikia kabati lake. Unadai mara ya pili."

Mtaa ukageuka. Nilisikia jinsi ulivyogeuka, kama godoro linapopinduliwa upande wa pili. Mchezaji wa dama akatema mate. Mwenye mkahawa akaiondoa mezani glasi ya chai ya Arnus, iliyojaa. "Hapa kwangu hunywi tena." Mahrus bawabu naye akapata ulimi. "Niliiona bangili. Kwa macho yangu. Mungu anisamehe, alinipa sigara nikanyamaza."

"Sigara!" mtu akapiga kelele. "Hata pakiti nzima hakupata!"

Wakaanza kumsogelea Arnus. Jasho lilimtiririka, marashi yakageuka siki. Akaikumbatia kamba kifuani.

"Atakayenigusa, naachia!"

Wakasimama.

"Mnanitazama mimi tu?" akasema, sauti imemkatika. "Mimi peke yangu ndiye mwizi wa Karmuz? Wallahi mimi ningekudai kesho, Metwali, au keshokutwa, kwa utaratibu. Muulize nani aliniambia, 'Leo, Haji. Zuia vitu vyake leo, mshikilie mpaka alasiri, mimi nitakuja kuamua nusu.' Muulize!"

"Nani?"

"Muulize mtu aliyeagiza makaa ya kuongeza! Kaburi la Bwana Shukri, dalali wake ni mimi. Yule 'mwingine mwenye haraka' anayesubiri wewe uchelewe, unamjua jina?"

Nikageuza shingo polepole kuelekea kiti cha Sheikh Taalab.

Kiti kitupu. Mpira wa shisha uko chini, bado unatoa moshi.

Na wakati huo huo, juu ya mapaa, msikiti wa kona ukafungua kipaza sauti. Allahu akbar. Alasiri.

Mbele kidogo bajaji ilikuwa inakata kona, na kwenye kiti cha nyuma kinaonekana kilemba cheupe.

"Shika mzigo wako!" Arnus akasema, akanisukumia kamba mikononi, akatoweka uchochoroni.

Uzito ulinivuta mpaka kifua kikagonga nguzo. Ule mzunguko mmoja ulisaidia, vinginevyo ningepaa juu kama ndoo ya kisimani. Viganja vikaanza kuungua.

"Njooni mshike!" nikaita. "Jamani, mshike!"

Hakuja mtu. Sisemi ni wabaya. Kila mmoja alikuwa amekodolea juu, na mtu anayetazama kabati linalotaka kuanguka miguu yake hurudi nyuma yenyewe. Mahrus alipiga hatua moja, akaganda.

Nikishika kamba, kabati la Tafida linashuka salama, na Sheikh anamlipa Shukri kabla yangu, na mke wangu anakosa mahali pa kulala. Nikiachia...

Nilitazama juu. Kioo kiligeuka, nikajiona ndani yake kidogo kama nzi, mzee na kamba. Kioo kile kilimwona akiwa bi harusi. Kilimwona anajaribu nguo za Idi, anageuka, ananiuliza, "Nimenenepa?" Mimi nasema hapana, naye ananipiga kwa hanga ya nguo.

"Achia, Metwali!" Mama Wagdi alipiga kelele. "Ni mbao!"

"Ni la Tafida!"

"Tafida hayumo humo!"

Maneno yale yakaniingia mbavuni.

Nikafunga mkanda kwa mkono mmoja. Nikalivaa lile kofia la majani kichwani, maana sikuwa na pa kuliweka.

"Tokeni chini!" nikanguruma. "Tokeni wote!"

Wakatoka. Mama Wagdi akatoka wa mwisho.

Nikaachia kamba.

Ule mshindo ulipokuja nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Kioo nilikisikia peke yake, baada ya mbao, kikimwagika barabarani. Sikugeuka. Magoti haya ambayo mke wangu aliyahurumia, siku hiyo sijui nani aliyatia mafuta.

Nikakata kona. Na pale mbele, Mungu si Taalab, tramu ilikuwa imekwama katikati ya makutano, na nyuma ya tramu bajaji, na ndani ya bajaji kilemba.

Kilemba kikageuka. Akaniona: mzee mwenye kofia la kike, anakuja mbio, mkono kiunoni.

Sheikh wa mtaa, mtu wa mihuri, akashuka. Akatazama tramu, akanitazama mimi. Akakunja kanzu mpaka magotini, akaanza kutimua mbio.

Mchana kweupe, wazee wawili tukawa tunashindana kuwahi kaburi. Na yeye alikuwa mbele.